Kupiga *99# au kuiachia modemu ijipigie?

Kwenye meza za wauza vifaa vya simu, iwe Mtaa wa Aggrey kule Kariakoo au Luthuli Avenue jijini Nairobi, modemu za laini hupangwa pamoja kana kwamba zinatofautiana rangi na bei tu. Zote huchomekwa kwenye USB, zote zina kidirisha cha kuingizia laini, nyingi zimeandikwa Huawei au ZTE. Tofauti hujitokeza ukishafika nyumbani. Moja inakaa kimya mpaka uiamuru ipige *99#. Nyingine haisubiri amri: inawaka, inajiunganisha, na kompyuta inadhani imechomekwa waya wa mtandao.

Msimamo wangu nautaja mapema ili asiye na muda aondoke nao. Kwa modemu ya 3G, na kwa mtu anayehesabu bando lake, kupiga bado ni njia nzuri kuliko watu wanavyodhani. Kwa modemu ya 4G, kupiga ni kujipunja. Ila yapo mambo kadhaa yanayoweza kukutoa upande mmoja kukupeleka mwingine, na mengine hayahusu kasi hata kidogo.

Namba hiyo inampigia nani

Enzi za simu ya mezani modemu ilipiga namba halisi ya mtoa huduma, ikapiga kelele zake, na ikifanikiwa sana ikakupa 56 Kbps. Modemu ya laini imerithi desturi hiyo bila kurithi simu. Kompyuta inaiona kama modemu ya kale iliyo kwenye poti ya COM, inaitumia amri ATD*99#, nayo inajibu CONNECT. Hakuna simu inayoita popote. Namba hiyo inaishia ndani ya modemu yenyewe, na maana yake ni kwamba ifungue njia ya data kwa APN uliyoitajia, yaani jina la lango la intaneti la kampuni ya simu. Mazungumzo ya PPP, itifaki iliyoelezwa kwenye RFC 1661 ya mwaka 1994, hufanyika kati ya kompyuta na hicho kifaa kilichochomekwa ubavuni mwake. Kutoka kwenye modemu hadi mnarani ni shughuli nyingine kabisa.

Ukilijua hilo, mambo mawili yanaacha kukuchanganya. La kwanza ni ile kasi ya 115.2 Kbps au 460.8 Kbps ambayo Windows hukuandikia ukishaunganishwa. Hiyo ni kasi iliyotangazwa ya poti, haihusiani na mnara. Unaweza kuwa unapakua kwa Mbps 3 huku dirisha likisisitiza 115. Watu wamerudisha modemu nzima dukani kwa sababu ya namba hiyo.

La pili ni jina la mtumiaji na nywila. Kwa mitandao mingi hazina kazi. Unaacha nafasi wazi, na programu ikigoma unaandika herufi yoyote. Kinachohesabika ni APN. Vodacom Tanzania na Airtel hutumia internet. Safaricom ni safaricom, na hapo kuna jina na nywila za kuandika: saf na data. Ukiikosea APN, modemu itakujibu NO CARRIER bila kufafanua, na utaanza kulaumu laini.

Ziliwahi kuwepo pia modemu za CDMA, mfumo mwingine wa simu, kama zile za TTCL, ambazo zilipiga #777 na hazikuhitaji APN. Ukiuziwa modemu inayodai namba hiyo, haitapokea laini za Voda wala Safaricom, hata fundi aifanye nini.

Kama ni kupiga, nani apige?

Njia hii ina milango mitatu, na wengi wanaujua mmoja tu.

Mlango wanaoujua ni programu inayokuja ndani ya modemu. Ukichomeka Huawei E173 au E303 kwenye Windows, kwanza inajitokeza kama diski ya CD. Ndani yake kuna Mobile Partner, au programu ileile iliyovishwa rangi za kampuni ya simu. Unaisakinisha, unatengeneza profaili yenye APN, unabonyeza kuunganisha. Uzuri wake ni kwamba kila kitu kipo mahali pamoja: kipimo cha mtandao, SMS, grafu ya matumizi, na kwenye matoleo kadhaa sehemu ya kuandika USSD, zile namba za menyu za kampuni ya simu, kwa hiyo unaweza kununua bando kwa *149*01# au *544# bila kuchomoa laini na kuirudisha kwenye simu. Kwa mtu wa *stationery* mwenye foleni ya wateja mlangoni, hilo si jambo dogo.

Ubaya wake ni umri. Programu hizo ziliandikwa wakati wa Windows XP na Windows 7, na draiva zake hazielewani vizuri na Windows za karibuni. Kwenye Mac hali ni mbaya zaidi: tangu macOS Catalina ilipotoka mwaka 2019, programu za biti 32 haziendeshwi tena, na nyingi ya hizi ni za biti 32. Mwenye Mac mpya asijisumbue na njia hii kabisa.

Mlango wa pili ni Windows yenyewe. Draiva za modemu zikishakubali, huhitaji Mobile Partner hata kidogo. Fungua Device Manager, nenda kwenye sifa za modemu, ukurasa wa Advanced, na kwenye kisanduku cha "Extra initialization commands" andika:

AT+CGDCONT=1,"IP","internet"

Badilisha neno internet kulingana na APN yako. Kisha kwenye Network and Sharing Center tengeneza muunganisho mpya wa dayalapu, namba ya simu ukiandika *99#. Basi. Muunganisho utakaa kwenye orodha pamoja na Wi-Fi, utaufungua na kuufunga kwa kubofya. Mimi hupenda njia hii kuliko programu ya modemu kwa sababu ni nyepesi na haikuletei matangazo, halafu ina faida moja wanayoipuuza watu: amri ya rasdial. Ukiuita muunganisho wako Voda, unaandika rasdial Voda na kompyuta inapiga. Ukiandika rasdial Voda /disconnect inakata. Ukiiweka kwenye Task Scheduler, kompyuta ya ofisi inaweza kujiunganisha saa 2 asubuhi, ikapakia taarifa zake, ikakata. Kwa anayenunua bando la siku, huo ni udhibiti ambao modemu ya kisasa haikupi kirahisi.

Unachokosa ni USSD na SMS. Tena kumbuka kuifunga Mobile Partner kabla ya kupiga kwa njia hii. Programu mbili haziwezi kushika poti moja. Windows itakuletea kosa 633, kwamba modemu inatumika au haijasanidiwa, wakati anayeitumia ni ile programu iliyojificha pembeni ya saa.

Mlango wa tatu ni Linux, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo kupiga kulipobaki kuwa kazi ya kawaida, hasa kwenye shule na maabara zinazofufua kompyuta za zamani kwa Ubuntu au Debian.

Kwanza lazima modemu iache kujifanya CD. Amri ya lsusb ikikuonyesha 12d1:1446, hiyo ni Huawei iliyo bado kwenye hali ya diski. Kifurushi cha usb-modeswitch ndicho kinachoigeuza, na kwenye Ubuntu ya mezani kwa kawaida kipo tayari. Ikishageuka utaona /dev/ttyUSB0, ttyUSB1 na wenzake. Kwa kawaida ya kwanza ndiyo ya kupigia. Huawei za zamani kama E1550 unaweza kuzizuia zisijifanye CD tena kwa amri ya AT^U2DIAG=0, inayoandikwa mara moja na kubaki ndani ya kifaa. Ila ukifanya hivyo programu ya Windows iliyokuwa ndani nayo haionekani tena, kwa hiyo inakili kwanza.

Baada ya hapo una chaguo la NetworkManager au wvdial. NetworkManager ndiyo ya kuanza nayo. Chini yake kuna ModemManager, dalali anayeijua modemu na kuamua mwenyewe njia ya kuzungumza nayo: ikiwa ya zamani anapiga PPP, ikiwa mpya yenye QMI au MBIM, lugha za modemu zisizohitaji kupiga, anatumia hizo bila kukuuliza. Kwenye kioo unachagua nchi na kampuni ya simu, APN inajijaza. Ukitumia amri badala ya kioo ni mistari miwili:

nmcli connection add type gsm ifname '*' con-name voda apn internet
nmcli connection up voda

Na mmcli inaweza kutuma USSD, kwa hiyo hata salio utaliona.

wvdial ni ya wakati dalali anapokwama. Faili lake ni /etc/wvdial.conf:

[Dialer Defaults]
Modem = /dev/ttyUSB0
Baud = 460800
Init1 = ATZ
Init2 = AT+CGDCONT=1,"IP","internet"
Phone = *99#
Username = a
Password = a
Stupid Mode = 1

Mstari wa mwisho unachekesha lakini usiufute. Unaiambia wvdial isisubiri ukurasa wa kuingia wa enzi za simu ya mezani, ianze PPP mara tu inapoona CONNECT. Bila huo, modemu nyingi za laini huunganishwa nusu zikakatika.

Faida ya wvdial ni uwazi. Kila amri na kila jibu vinapita mbele ya macho yako, na ukipata tatizo unajua limetokea hatua ipi. Hasara yake ni kwamba inabidi ModemManager uisimamishe kwanza, vinginevyo mnagombania poti, na kwamba kompyuta isiyo na intaneti ndiyo hasa inayohitaji kupakua wvdial. Beba vifurushi vyake kwenye fleshi kutoka mashine nyingine, pamoja na vile vinavyotegemewa.

Ile isiyopigwa

Huawei waliiita HiLink. Modemu za aina hii, kama matoleo mengi ya E3131 na E3372h, zimebeba ruta ndogo ndani. Zinapiga zenyewe, zinajigawia anwani kutoka kampuni ya simu, kisha kompyuta inapewa anwani ya ndani, kwa kawaida 192.168.8.100. Ukifungua 192.168.8.1 kwenye kivinjari unakuta ukurasa wenye APN, SMS, takwimu za matumizi na uchaguzi wa 3G au 4G. Hakuna poti ya COM wala *99#, na Mobile Partner haihitajiki. Windows, Mac na Linux zote zinaiona kama kadi ya mtandao.

Angalia herufi ya mwisho unaponunua E3372. Yenye h ni HiLink. Yenye s ni ya kupigwa. Muuzaji atakuambia ni kitu kilekile, na kwa sura ni kweli.

Mafundi wengi wanaweza kuigeuza moja kuwa nyingine kwa kuiflashi, yaani kubadilisha programu yake ya ndani, na inawezekana, lakini ni kazi ya kubahatisha na kifaa kinaweza kufa mezani. Kama unajua unachotaka, nunua hicho tangu mwanzo.

Kasi

Hapa watu wanapoteza maneno bure. E173 ina uwezo wa Mbps 7.2 kwa maandishi, E3131 Mbps 21, E3372 Mbps 150 kushuka na 50 kupanda. Hizo ni za maabara. Kwa modemu ya 7.2, PPP haikupunguzii kitu utakachokihisi. Mnara uliosongamana saa 3 usiku utakuzuia muda mrefu kabla PPP haijachoka. Ndiyo maana nasema mwenye modemu ya 3G asihangaike kutafuta njia nyingine kwa sababu ya kasi.

Kwa 4G mambo yanageuka. PPP hukagua data baiti kwa baiti na kuongeza alama zake, na yote hupita kwenye poti ambayo haikubuniwa kwa mwendo huo. E3372s ukiipiga *99# utapata sehemu tu ya kile ambacho laini ileile ingekupa kwa njia ya kadi ya mtandao, na laptopu ya zamani itasikika feni ikizunguka. Ukiwa na modemu ya namna hiyo kwenye Linux, mwachie ModemManager achague. Kwenye Windows, baadhi ya matoleo ya Mobile Partner yana uchaguzi wa RAS au NDIS kwenye mipangilio. RAS ndiyo kupiga. Chagua NDIS, ambayo ni njia ya kadi ya mtandao.

Kwa aliyeko mahali ambapo hata 3G haifiki, na anaishi kwa EDGE au GPRS za 2G, swali la kasi halipo. GPRS hukupa makumi ya Kbps tu. Njia zote mbili zitakuwa polepole sawasawa.

Bando

Hapa ndipo kupiga kunaposhinda, na ningependa wanunuzi waangalie hapa kabla ya kuuliza kasi.

Modemu inayopigwa ikikatwa imekatwa. Hakuna kinachopita mpaka upige tena. HiLink ukiichomeka inajiunganisha, na Windows inaiona kama waya wa ofisi usio na kikomo. Mara moja inaanza kushusha masasisho yake, OneDrive inaamka, kinga-virusi inaomba faili lake, na bando la GB 1 ulilonunua kwa ajili ya kutuma barua ya maombi linaisha kabla hujafungua barua yenyewe. Bando likiisha, kama laini ina vocha, data inaendelea kwa bei ya nje ya bando, na hapo ndipo maumivu yalipo.

Dawa ipo. Kwenye Windows 10 na 11 ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo na uwashe "Metered connection". Kwenye ukurasa wa 192.168.8.1 badilisha muunganisho uwe wa mkono badala ya kujiunganisha. Ukifanya yote mawili, HiLink inakaribia utiifu wa modemu ya kupigwa. Tatizo ni kwamba mipangilio ya Windows ni ya kompyuta hiyo moja. Ukiazima modemu kwa jirani, kompyuta yake haijui kitu.

Mtandao hafifu, umeme na kosa lisiloeleweka

Kijijini, au ndani ya jengo la zege, kinachoamua ni mawimbi. Njia zote mbili zina redio ileile, kwa hiyo usitegemee moja ishike mtandao ambao nyingine imeukosa. Tofauti ni unavyoweza kuchungulia. Kwenye modemu ya kupigwa unaandika AT+CSQ na inakujibu namba kutoka 0 hadi 31, au 99 kama haijui. Izidishe kwa 2, toa 113, unapata nguvu ya mawimbi kwa dBm: 15 ni -83, ambayo ni nzuri, 7 ni -99, na hapo tarajia kukatikakatika. Unaweza kuzunguka nyumba na laptopu ukiandika amri hiyo mpaka upate dirisha linalofaa. HiLink hukuonyesha vijiti vitano tu isipokuwa uchimbe.

Kwa zote mbili, waya wa kurefusha USB ni ununuzi bora kuliko modemu mpya. Inyanyue modemu hadi dirishani au juu ya kabati. Usizidi mita 5, ndicho kikomo cha USB 2.0, na waya mwembamba wa bei ya kutupa unapunguza umeme. Umeme wenyewe ni chanzo cha kesi nyingi: tundu la USB 2.0 hutoa mA 500, na modemu inayopigania mnara wa mbali hunyonya karibu kiasi hicho chote. Ikiwa inazima na kuwaka yenyewe kila ukianza kupakua, ihamishe kutoka kwenye habu ya USB kabla hujaanza kubadilisha draiva.

Umeme ukikatika na kurudi, HiLink inashinda waziwazi. Kompyuta ya zahanati au ya duka inayowaka yenyewe itakuta intaneti ipo. Ya kupigwa inabidi mtu apige, au uwe umepanga rasdial ifanye hivyo. Hivyo hivyo laptopu ikilala: modemu ya kupigwa huamka imekatika.

Kuna kosa moja la upande wa kupiga linalostahili kutajwa kwa sababu linatesa na halijielezi. Umepiga, umeunganishwa, anwani umepata, lakini hakuna ukurasa unaofunguka. Tazama DNS, yaani anwani za seva zinazotafsiri majina ya tovuti. Ukiona 10.11.12.13 na 10.11.12.14, hizo ni anwani za uongo ambazo Huawei kadhaa hutoa pale PPP inapomaliza kabla mtandao haujajibu. Kata, subiri kidogo, piga tena. Likizidi, andika DNS kwa mkono, 8.8.8.8 au 1.1.1.1. Na usishtuke kuona 10.64.64.64 kwenye Linux kama anwani ya upande wa pili. Pppd, programu ya PPP ya Linux, hujiwekea hiyo pale ambapo mtandao haukutaja yake, na haina madhara.

HiLink nayo ina ugonjwa wake. Ikiwa ruta ya nyumbani au MiFi yako (ruta ndogo ya mfukoni) nayo ni Huawei inayotumia 192.168.8.1, kompyuta iliyounganishwa kwa zote mbili itachanganyikiwa. Badilisha anwani ya mojawapo. Na ukitaka kuchomeka HiLink mbili kwenye mashine moja, zote zitadai anwani ileile.

Wanaohitaji poti, si intaneti

Kuna kundi ambalo ulinganisho wa kawaida hulisahau. Duka au shule inayotaka kompyuta isome SMS za M-Pesa na kulinganisha malipo, au anayetuma SMS za kikundi kwa gammu, programu ya SMS ya kompyuta, hahitaji kasi. Anahitaji poti inayoelewa amri za AT. Modemu ya kupigwa inayo. HiLink kwa kawaida haina, inabidi upitie ukurasa wake kwa njia nyingine. Ndiyo sababu E173 kuukuu bado zina wanunuzi, na anayechomeka modemu kadhaa kwenye habu moja, kila moja na laini yake, hatafanya hivyo kwa HiLink bila kuumwa kichwa.

Vivyo hivyo wanaotengeneza vifaa vya kupimia maji, joto au mafuta kwa kompyuta ndogo ya Raspberry Pi na moduli ya SIM800, ambayo ni modemu ndogo ya kuunganishwa kwenye saketi. Hapo kupiga kwa pppd ni jambo la kawaida: unaandika persist na maxfail 0, nayo inapiga tena bila kukata tamaa. Usiilishe SIM800 kutoka tundu dhaifu. Inaporusha mawimbi hufikia A 2 kwa kitambo kifupi, na ikikosa inajizima. Na kumbuka ni ya 2G pekee.

Kugawana na wengine nyumbani

Ukitaka simu na laptopu kadhaa zitumie modemu moja, kompyuta kuigawa ni njia ya mwisho, kwa sababu lazima iwe imewaka muda wote. Ruta yenye tundu la USB inafaa zaidi. TP-Link TL-MR3420 hupiga *99# yenyewe kwa modemu nyingi za 3G zilizo kwenye orodha yake. Ruta za MikroTik hupiga kwa ppp-client, na HiLink huiona kama kiolesura cha LTE. OpenWrt, mfumo mbadala wa ruta, inaweza zote mbili ukisakinisha vifurushi. Kwa ruta hizi, modemu ya kupigwa inakupa anwani ya kampuni ya simu moja kwa moja, wakati HiLink inaongeza ukuta mmoja mbele. Lakini kwa kuwa kampuni nyingi zenyewe hugawa anwani za ndani, kamera ya nyumbani haitafikika kutoka nje kwa njia yoyote kati ya hizo bila msaada wa VPN, kwa hiyo usichague kwa sababu hiyo.

Na simu je?

Mtu mwenye simu janja atauliza kwa nini anunue modemu. Swali halali. Zamani Nokia ilikuwa modemu ya kupigwa kwa waya au Bluetooth, na *99# ileile ilitumika kupitia Nokia PC Suite. Android kwa kawaida haifanyi hivyo. Inagawa kwa hotspoti au waya wa USB, ikijifanya kadi ya mtandao kama HiLink. Kwa mwanafunzi anayetumia intaneti saa moja kwa siku, simu inatosha na modemu ni pesa ya bure. Tumia waya badala ya hotspoti ukiweza, simu ichaji huku ikigawa.

Simu inashindwa pale inapoondoka. Duka linalotegemea hotspoti ya simu ya mwenye duka linalala anapokwenda sokoni. Pia betri inayogawa intaneti mchana kutwa haizeeki taratibu.

Ningemnunulia nani ipi

Mwenye kompyuta moja ya Windows, laini ya 4G nzuri, na anayetaka kazi iendelee bila kuguswa, namnunulia HiLink ya 4G na ninamwashia "Metered connection" kabla sijaondoka. Mwenye Mac vilevile, na kwake sioni mbadala zaidi ya simu.

Mwenye modemu ya 3G tayari, na anayenunua bando la siku, abaki nayo. Ninamtengenezea muunganisho wa Windows wenye *99#, ninaiondoa Mobile Partner, na ninamwekea njia mbili za mkato kwenye kioo, moja ya kupiga na moja ya kukata. Kabla ya hapo nahakikisha eneo lake bado lina 3G ya kutosha. Minara mipya inapendelea 4G, na modemu ya 3G haiwezi kuiona hata ukiipigia magoti.

Shule yenye Linux: ya kupigwa kama ni ya bure, kwa NetworkManager, HiLink kama wananunua. wvdial ninaifundisha kwa mwalimu mmoja tu, yule anayependa kujua kilichotokea.

Ukifika dukani, nenda na laptopu na laini yako mwenyewe. Chomeka na usubiri. Ikitokea poti ya COM, ni ya kupigwa, likifunguka 192.168.8.1, ni HiLink. Ikiomba msimbo wa kufungua, imefungwa kwa kampuni moja, na msimbo ukikosewa mara nyingi mno inajifunga moja kwa moja, kwa hiyo muuzaji aifungue mwenyewe mbele yako kabla hujalipa. Halafu fungua ukurasa wowote mzito kwa laini yako, si yake, maana laini iliyo mfukoni mwa muuzaji daima ina bando.